Motokrosi ya ridhaa: mashindano ya shirikisho, mbio za binafsi au siku ya mazoezi?

Anayetaka kuingia katika motokrosi ya ridhaa, yaani mbio za pikipiki kwenye njia ya udongo yenye kona na miruko, hapa Afrika Mashariki, awe mzazi aliyemnunulia mtoto pikipiki ya cc 65 au mtu mzima aliyepata pikipiki ya cc 250 iliyokwisha kutumika, ana milango mitatu ya kupitia. Wa kwanza ni mashindano yaliyomo katika kalenda ya shirikisho la taifa, kama yale yanayosimamiwa na Shirikisho la Michezo ya Magari la Kenya (KMSF) au na Shirikisho la Vilabu vya Michezo ya Magari la Uganda (FMU), ambayo yote mawili yana uhusiano na Shirikisho la Kimataifa la Mbio za Pikipiki (FIM), chombo kilichoanzishwa mwaka 1904. Wa pili ni mbio za binafsi, ambapo mwenye shamba, klabu ya marafiki au kampuni ya burudani hutengeneza njia, hutangaza siku, hukusanya ada na kukimbiza watu bila kibali cha shirikisho. Wa tatu ni siku ya mazoezi: uwanja hufunguliwa, kila mmoja hulipa kiingilio na huzunguka kadiri mafuta yake yanavyomruhusu.

Ulinganisho huu hautazami vikombe, pointi wala ukubwa wa umati. Unatazama mambo mawili: njia yenyewe ni salama kiasi gani, na mtu akiumia ni nani atakayejibu. Mambo hayo hayatengani, kwa sababu mwandaaji anayejua kwamba atajibu ndiye anayeamka alfajiri kuitembea njia kwa miguu, na yule anayedhani kwamba karatasi iliyotiwa saini imemtua mzigo ndiye anayeacha hatari zikiwa wazi pembeni mwa kona. Nimejiweka upande wa anayelipa ada, hasa mzazi, kwa kuwa siku ya kujiandikisha yeye ndiye mwenye taarifa chache kuliko wote, na baadaye ndiye anayebaki na gharama.

Kibali kinaleta nini

Tofauti kubwa kati ya mlango wa kwanza na wa pili ni kwamba mashindano ya shirikisho hayamwachi mwandaaji ajikague mwenyewe. Kwa kawaida, kabla ya kupewa kibali hutakiwa kuwasilisha kanuni za nyongeza za siku hiyo, kumtaja mkurugenzi wa mbio, wakaguzi wa vyombo na daktari, na kukubali njia yake itazamwe na mtu asiye na faida yoyote katika mauzo ya tiketi. Mtu huyo ana uwezo wa kuagiza mruko fulani ushushwe au kona fulani isogezwe mbali na ua, na mwandaaji asipotii mbio hazianzi. Katika mbio za binafsi mwandaaji ndiye mkaguzi, ndiye mwamuzi na ndiye mhasibu, na hata akiwa mtu mwema na mwangalifu, saa sita mchana, watazamaji wakiwa wamekwisha kulipa na muziki ukivuma, hakuna mtu mwingine mwenye mamlaka ya kumwambia kwamba mbio zisimame.

Viwango vya FIM huonyesha mkaguzi huyo anatafuta nini. Njia ya motokrosi inatakiwa kuwa ya udongo na vitu vya asili, bila saruji wala lami. Vigingi vinavyoshika utepe wa kuonyesha njia vinatakiwa kuwa vya mbao inayovunjika kirahisi au vya kitu kinachopinda, na visizidi sentimita 50 kutoka ardhini. Kanuni hiyo inaweza kuonekana ya kupekua mambo madogo mpaka mtu aone kinachotokea isipofuatwa. Katika mbio moja za binafsi nimeona nondo za ujenzi zimepigiliwa ukingoni mwa kona nzima, zikifika usawa wa kiuno, kila moja imefungwa utepe mwekundu na mweupe ikapendeza kweli machoni pa watazamaji. Mwendeshaji anayeteleza na kukiangukia kigingi cha mbao laini hukivunja kigingi. Akiiangukia nondo, kinachovunjika ni mbavu zake, au nondo inapita katika ule mwanya ulio kati ya kinga ya kifua na mkanda wa kiuno, mahali ambapo hakuna kinga yoyote. Kuitazama njia yote kwa macho ya namna hiyo huchukua dakika chache za kutembea, na mwandaaji anayekataa kukuruhusu kuitembea kabla hujalipa amekwisha kukupa jibu unalolihitaji.

Ukaguzi wa pikipiki nao hutofautiana. Mkaguzi wa shirikisho hutazama kama ncha za usukani zimezibwa, kama mikono ya breki na klachi ina vichwa vya mviringo, kama swichi ya kuzimia injini inafanya kazi, na kama stendi imetolewa. Hutazama pia helmeti: ina alama ya kiwango kinachotambulika, kwa mfano kile cha Umoja wa Mataifa cha ECE 22.06, na haina ufa. Mbio za binafsi nyingi huruhusu hata pikipiki za barabarani, na ndipo utakapoiona bodaboda ikiingia njiani na stendi yake ya pembeni, ambayo ikishuka katikati ya kona humwangusha mwendeshaji na kila aliye nyuma yake.

Hata hivyo kibali kisichukuliwe kuwa dhamana ya siku nzima. Njia iliyokaguliwa asubuhi huwa imebadilika kabisa ifikapo alasiri: matairi yamechimba mifereji mirefu kwenye kona, pale breki zinapofungwa pamekuwa na mabonde ya mfululizo, na udongo ukikauka vumbi linasimama kama ukuta nyuma ya kila pikipiki. Vumbi ni hatari ya kwanza ninayoitafuta, kwa sababu aliyeanguka ndani yake haonekani. Uliza kama kuna boza la maji, na litamwaga maji mara ngapi kati ya mbio na mbio, bila kusahau kwamba maji yakizidi kwenye uso wa mruko huleta utelezi mahali pabaya kuliko pote. Nimeona mashindano yenye kibali yaliyoishiwa maji mapema, na nimeona mbio za binafsi ambazo mwenye shamba alikuwa na bwawa na trekta na akaitunza njia kama bustani. Katika jambo hili moja, fedha na bidii ya mwandaaji zina uzito kuliko muhuri.

Miruko

Anayetazama tangazo la mbio huvutwa na picha ya pikipiki iliyo juu hewani, na waandaaji wanalijua hilo. Kwa mwendeshaji wa ridhaa, ukubwa wa mruko si kigezo cha kwanza. Umbo lake ndilo linaloamua. Mruko uliojazwa udongo katikati, ukawa kama meza ndefu kutoka mahali pa kurukia hadi mahali pa kutua, humsamehe aliyekosea mwendo: asipofika mwisho hutua juu ya meza, akatikiswa, akaendelea. Matuta mawili yaliyoachiwa pengo katikati hayasameheki, kwa kuwa anayepungukiwa hupiga uso wa tuta la pili kwa gurudumu la mbele na kurushwa kupita juu ya usukani. Waendeshaji wa kulipwa hufanya mazoezi wiki nzima kwa ajili ya matuta ya aina hiyo. Mtu anayefika uwanjani Jumapili, akitoka kazini Jumamosi, hana sababu ya kuwekewa pengo, na mwandaaji anayeliweka katika mbio za watoto au za wanaoanza amefanya uamuzi mbaya, hata awe na kibali.

Hapa pia ndipo suala la madaraja linapokuwa la usalama. Pikipiki ya cc 450 ina uzito unaozidi kilo 100 na nguvu ya kuruka meza nzima kwa mkupuo. Mtoto mwenye cc 85 huipanda meza hiyohiyo na kushuka taratibu upande wa pili. Wakiwekwa njiani pamoja, mkubwa anaruka bila kuona kilicho ng'ambo, na mdogo yuko palepale anapotua. Aliyekwisha kuruka hawezi kugeuka wala kufunga breki. Kalenda za mashirikisho hutenganisha madaraja kwa ukubwa wa injini na umri, na hiyo ndiyo faida ambayo mzazi anapaswa kuithamini kupita zote. Mbio za binafsi mara nyingi huunganisha madaraja kwa sababu walioandikishwa ni wachache, na mwandaaji hataki kukimbiza watoto 4 peke yao mbele ya umati. Swali la kuuliza kwa simu kabla ya kwenda ni fupi: madaraja gani yatakuwa njiani kwa wakati mmoja? Jibu lisipokuwa la wazi, baki nyumbani.

Washika bendera

Kama ningeruhusiwa kutazama kitu kimoja tu kabla ya kumwacha mtoto aingie langoni, ningetazama washika bendera: wako wangapi, wamesimama wapi na wana umri gani. Motokrosi haina mawasiliano ya redio kati ya mwendeshaji na timu. Kinachomwambia kwamba mbele kuna mtu amelala chini ni kitambaa cha manjano mkononi mwa mtu aliyesimama mahali pa kufaa. Bendera ya manjano ikishikwa bila kutikiswa humtaka mwendeshaji awe mwangalifu. Ikitikiswa ina maana kwamba hatari iko papo hapo, apunguze mwendo, asimpite mwenzake na asiruke. Bendera nyeupe yenye msalaba mwekundu huonyesha kwamba wahudumu wa afya wako njiani. Nyekundu husimamisha mbio kwa wote.

Mahali pa kusimama ndipo pagumu. Mshika bendera wa kwenye mruko anatakiwa aone mahali pa kutua, na wakati huohuo aonekane na anayekuja kabla hajaanza kuupanda mruko. Akisimama upande wa kutua tu, anaona ajali vizuri lakini bendera yake haionekani mpaka mwendeshaji awe hewani. Mwendo wa kilomita 50 kwa saa ni takriban mita 14 kila sekunde, kwa hiyo bendera inayoonekana mita 30 kabla ya mruko humpa mwendeshaji sekunde mbili za kuona, kuelewa na kuamua. Hakuna nafasi ya kijana anayetazama simu yake, wala ya mtu anayewatazama wanaoongoza huku amewapa mgongo wanaokuja.

Mahakama ya Rufani ya California ililitazama jambo hili kwa kina mwaka 2011, katika kesi iliyotoka kwenye uwanja mmoja wa motokrosi wa mji wa Perris. Haikuwa siku ya mashindano. Ilikuwa siku ya mazoezi, na mwendeshaji alikuwa amelipa kiingilio na kutia saini hati ya kuachilia madai. Alianguka karibu na jukwaa lililokusudiwa mshika bendera, lakini jukwaani hapakuwa na mtu, na wenzake waliokuja nyuma bila kuonywa wakamgonga. Mahakama ilikubali kwamba hati aliyotia saini ilizuia dai la uzembe wa kawaida. Ikasema hata hivyo kwamba hati kama hiyo haiwezi kufuta dai la uzembe uliokithiri, na kwamba kutoweka mshika bendera kunaweza kufikia kiwango hicho, kwa hiyo sehemu hiyo ya kesi ikaruhusiwa kuendelea. Sheria ya California haizibani mahakama za Nairobi wala Kampala, lakini hoja yake inaeleweka popote pikipiki zinaporuka. Kuanguka ni hatari ya mchezo, na kila anayeingia anaikubali. Kugongwa na wa nyuma kwa sababu aliyepaswa kuwaonya hakuwekwa ni jambo jingine, nalo linatokana na uamuzi wa mwandaaji.

Kwa kipimo hiki, mashindano ya shirikisho yanatangulia mbali. Vituo vya bendera hupangwa kabla, na wanaovisimamia hupewa maelekezo asubuhi pamoja na waendeshaji. Mbio za binafsi hutofautiana mno, kuanzia klabu zinazowaita wazazi wenye uzoefu hadi waandaaji wanaogawa bendera kwa vijana waliokuja kutazama. Siku ya mazoezi ndiyo dhaifu kuliko zote, na ninasisitiza hilo kwa sababu wazazi wengi huiona kuwa mahali pa upole pa kuanzia. Hakuna lango la kuanzia, hakuna kombe, hakuna presha, ndivyo inavyodhaniwa. Lakini mara nyingi hakuna hata bendera moja, madaraja yamechanganyika, na watu wanaingia na kutoka njiani wakati wowote.

Gari la wagonjwa na mamlaka ya daktari

Waandaaji wengi siku hizi huandika kwenye tangazo kwamba ambulensi itakuwepo. Maswali ya maana huja baada ya hapo. Ndani ya gari kuna nani: dereva peke yake, au mhudumu wa dharura anayejua kumgeuza mtu aliyeumia mgongo na kumtoa helmeti bila kuisogeza shingo? Na gari likiondoka na majeruhi wa kwanza, mbio zitaendelea? Utaratibu unaotakiwa ni kwamba pikipiki zote husimama mpaka gari lirudi au jingine lifike. Mwandaaji mwenye gari moja tu, na ratiba inayopaswa kumalizika kabla ya giza, hukutana na kishawishi kikubwa saa kumi jioni. Katika mashindano yenye kibali, daktari na mkurugenzi wa mbio wana wajibu wa kanuni unaowafunga. Katika mbio za binafsi inabidi umwombe mwandaaji akuahidi mwenyewe, na ni bora akuahidi kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu.

Umbali wa hospitali uhesabiwe kwa dakika za barabara ya siku hiyo. Uwanja wa Jamhuri Park uko ndani ya Nairobi, katika jiji lenye hospitali kubwa, na bado foleni ya Barabara ya Ngong inaweza kuirefusha safari fupi. Anayekimbia Garuga, upande wa Entebbe, ajue kabla ya kuvaa buti kama majeruhi wa kichwa atapelekwa Entebbe au Kampala. Shambani, kilomita nyingi kutoka lami, hesabu huwa nzito zaidi, na kama njia ya kutokea uwanjani ni moja na imejaa magari ya watazamaji, ambulensi iliyokodiwa kwa fedha nyingi haitafika popote.

Liko pia suala la mtikisiko wa ubongo, ambalo huonyesha tofauti ya milango hii waziwazi. Kanuni inayokubalika katika tiba ya michezo ni kwamba anayeshukiwa kupata mtikisiko harudi uwanjani siku ileile, hata akisema amepona. Katika mashindano ya shirikisho daktari anaweza kumzuia mwendeshaji kuanza mbio ya pili, na jina lake likaondolewa kwenye orodha ya langoni. Katika mbio za binafsi na siku ya mazoezi, mwenye uamuzi ni mtoto mwenyewe, ambaye atasema yuko sawa, na mzazi, ambaye amelipa ada, ameendesha gari tangu alfajiri, na anaiona pikipiki imesimama bila mkwaruzo. Mzazi anayeujua moyo wake kwamba ni mwepesi kushawishika afadhali achague mahali ambapo mwenye kusema hapana ni mtu mwingine.

Karatasi unayotia saini

Milango yote mitatu itakupa fomu ya kutia saini, na zote hufanana: nimeelewa kwamba mchezo huu ni wa hatari, sitamdai mwandaaji, mwenye uwanja wala mfadhili. Fomu hizo zina uzito, lakini si ule ambao watu wa pande zote mbili huufikiria.

Nchini Kenya, Sheria ya Dhima ya Wenye Maeneo, Sura ya 34, humpa anayeshikilia eneo wajibu wa kuchukua uangalifu wa kuridhisha ili mgeni awe salama katika shughuli aliyoalikwa kuifanya. Sheria hiyohiyo inatambua kwamba wajibu unaweza kupunguzwa kwa makubaliano pale inapowezekana kisheria, na kwamba mtu hadai kwa hatari aliyoikubali kwa hiari. Lakini inasema pia kwamba onyo peke yake halimtoshi mwenye eneo kujitetea kama halikumwezesha mgeni kuwa salama kwa kiasi cha kuridhisha, na kwamba lazima ategemee watoto kuwa na uangalifu mdogo kuliko watu wazima. Kibao cha "ingia kwa hiari yako" kilichopigiliwa langoni hakizimi nondo zilizosimama kwenye kona. Uingereza imekwenda mbali zaidi: tangu mwaka 1978 sheria yake inamkataza mfanyabiashara kujivua dhima ya kifo au jeraha lililosababishwa na uzembe wake, haidhuru mteja ametia saini nini.

Kwa mtoto, fomu ni dhaifu zaidi. Utu uzima kisheria Kenya huanza miaka 18, na saini ya mtoto wa miaka 12 haimfungi kama mkataba wa mtu mzima. Saini ya mzazi inaonyesha kwamba mzazi alijua hatari na akakubali mwanawe ashiriki. Kama inaweza kufuta haki ya mtoto mwenyewe ni jambo ambalo mahakama za majimbo kadhaa ya Marekani zimelikataa. Kwa hiyo mwandaaji anayetegemea fomu badala ya bima amejidanganya, na familia inayodhani kwamba fomu imewafungia milango yote ya fidia nayo imekosea. Tunza nakala ya fomu, kanuni za nyongeza, risiti ya ada na picha za njia ulizopiga asubuhi. Madai ya kuumizwa kwa uzembe Kenya hupaswa kufunguliwa ndani ya miaka 3, na kumbukumbu za watu huchakaa mapema kuliko hapo.

Bima ndiyo inayolipa hospitali, na hapa tofauti ya milango hurudi tena. Leseni ya shirikisho mara nyingi huambatana na bima ya ajali, lakini usiishie kuambiwa kwamba ipo: omba jina la kampuni, kiwango cha juu cha malipo ya matibabu, na kama inahusu mazoezi rasmi au mbio pekee. Katika mbio za binafsi omba kuuona mkataba wa bima ya dhima ya mwandaaji, ambao ndio unaowalinda pia watazamaji, na hakikisha haukuandikwa kwa ajili ya tamasha la muziki huku mbio zikiwa zimetolewa kwenye orodha ya yanayolindwa. Siku ya mazoezi kwa kawaida huachiwa bima yako mwenyewe, nayo ina mtego wake: mikataba mingi ya bima ya ajali binafsi haihusishi mashindano ya mwendo kasi wala maandalizi yake. Isome kabla ya Jumapili.

Watazamaji niwaguse kwa ufupi, kwa sababu huja na familia nzima. Uzio mmoja wa kamba hautoshi. Panatakiwa nafasi tupu kati ya njia na watu, na watu wasisimame kabisa upande wa nje wa kona wala mbele ya mahali pa kutua. Ukiona wauza mahindi wanavuka njia mbio zikiendelea, huhitaji kuuliza swali lolote tena.

Nani achague nini

Mtoto wa miaka 7 hadi 14 apelekwe kwenye mashindano ya shirikisho, na kabla ya hapo apewe mazoezi chini ya klabu inayotenga muda wa daraja lake peke yake. Ada ni kubwa zaidi, kuna leseni ya kulipia, vipimo vya afya, safari na siku ndefu ya kusubiri dakika chache za kukimbia. Gharama hizo ndizo zinazolipa mgawanyo wa madaraja, bendera na daktari mwenye sauti, na sioni njia ya halali ya kuzikwepa kwa mtoto.

Mtu mzima anayeanza, mwenye pikipiki nzima na vifaa kamili, anaweza kuanza na siku ya mazoezi, mradi apate uwanja wenye washika bendera kwenye miruko ambayo mwendeshaji haoni ng'ambo yake na vipindi vinavyotenganisha wanaoanza na wenye kasi. Uwanja kama huo ukikosekana, mbio za daraja la wanaoanza za shirikisho ni salama kuliko mazoezi huria, ingawa jina la mashindano humtisha mtu.

Mbio za binafsi sizikatai. Kuna sehemu nyingi ambako shirikisho halifiki, na mchezo hukua kwa mikono ya watu wanaopenda pikipiki na wenye tingatinga la kuazima. Ninachowaomba waandaaji hao ni kumwalika mkaguzi wa nje, hata kama ni mwendeshaji mstaafu kutoka klabu jirani, na kumpa kwa maandishi mamlaka ya kusimamisha mbio bila kuomba ruhusa. Mwendeshaji mwenye uzoefu aende huko akiwa ametembea njia, amehesabu bendera, amezungumza na mhudumu wa ambulensi na ameuona mkataba wa bima. Kimoja kati ya hivyo kikikosekana aombe arudishiwe ada, na asiporudishiwa aipakie pikipiki kwenye gari aondoke, hata kama wenzake wote wamekwisha kupanga mstari langoni.